Insha ni barua: mafunzo kutoka madarasa ya uandishi mjini Durban

Vyuo vikuu vya Durban, Afrika Kusini, leo vinawakutanisha katika chumba kimoja vijana ambao babu zao walikatazwa na sheria kusoma pamoja. Je, darasa la kujifunza kuandika linaweza kuwa mahali pa kujaliana? Na kwa nini huruma ya mwalimu peke yake haitoshi? Haya hapa ni maandishi kamili ya mazungumzo yetu ya juma hili.



Katika lugha ya Kizulu, inayozungumzwa na watu wengi wa jimbo la KwaZulu-Natal, kuna neno incwadi. Neno hilo moja lina maana mbili: kitabu, na pia barua. Wazulu wanalo pia neno ukufunda, yaani kujifunza, na ndilo hilo hilo kusoma. Kufundisha kwao ni ukufundisa, na hapo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Anatambua mara moja kwamba amekutana na ndugu yake.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu yanabeba swali letu la leo. Mwanafunzi wa chuo anapomkabidhi mwalimu karatasi aliyoiandika usiku kucha, amempa nini? Amempa kitu cha kusahihishwa tu, kama fundi anavyopewa kiti kibovu? Au amempa barua, na sasa anangoja majibu?

Mjini Durban swali hili lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imo katika barua za kweli.

Mwaka 1949 msichana mmoja wa shule kutoka eneo la Transkei alimwandikia mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akiishi Durban, Mabel Palmer. Bibi Palmer alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 70. Alijulikana kuwa mtetezi wa elimu ya watu weusi. Ni yeye aliyepigania kuanzishwa, mwaka 1936, kwa madarasa ya chuo kikuu kwa ajili ya Waafrika na Wahindi wa Natal. Msichana yule aliomba msaada ili aendelee na masomo. Alikuwa yatima wa baba, na nyumbani alikuwa akikabiliwa na ndoa asiyoitaka. Bibi Palmer alimjibu. Akamtafutia nafasi katika Chuo cha Adams, kusini mwa Durban, shule mashuhuri iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1853, ambako Albert Luthuli, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya Amani, alisoma na kufundisha. Akasaidia pia gharama.

Mpaka hapo, mpenzi msikilizaji, hii ni hadithi ya ukarimu. Lakini msichana alipofika Adams alijikuta mpweke. Aliendelea kuandika barua, na barua zile hazikuwa za ada na vitabu tu. Alikuwa akitafuta mtu wa kumsikiliza. Bibi Palmer, ambaye alijibu kwa uaminifu kila jambo lililohusu masomo, alirudi nyuma alipoombwa ukaribu. Alimweleza waziwazi kwamba urafiki wa namna ile usingewezekana. Mwaka 1951 msichana aliondoka Adams. Baadaye aliugua, akakaa miaka mingi hospitalini.

Barua hizo, pamoja na zile za Sibusisiwe Makhanya, Mzulu aliyekuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii na aliyejaribu kusaidia, zilichapishwa mwaka 1987 na mwanahistoria Shula Marks. Msichana alipewa humo jina la kubuni, Lily Moya, ili kumhifadhi. Kitabu kinaitwa Not Either an Experimental Doll, na jina hilo linatokana na maneno ya msichana mwenyewe: hakuwa mwanasesere wa kufanyiwa majaribio.

Ni rahisi kumlaumu Mabel Palmer. Mimi naomba tusifanye haraka. Mwalimu hana budi kuwa na mipaka. Hawezi kuwa mama wa kila mwanafunzi, na anayejaribu huchoka kabla ya muhula kwisha. Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kwamba bibi yule hakuwa mama. Kosa lilikuwa katika mpango mzima: upande mmoja mfadhili mmoja, upande wa pili mwombaji mmoja, na katikati hakuna jumuiya. Binti yule alipewa nafasi ya kusoma, lakini hakupewa watu wa kusoma nao kama mtu mwenye sauti yake. Fadhila ikipungua, hakuna kinachobaki.

Na mpango ule haukuwa wa bibi mmoja. Ulikuwa wa nchi nzima. Madarasa yale ya mwaka 1936 yalifanyika katika majengo ya Sastri College, shule ya Wahindi mjini Durban, jioni na siku za mwisho wa juma. Wanafunzi wengi walikuwa walimu waliokwisha choka na kazi zao za mchana. Wahadhiri wao walikuwa walewale waliowafundisha wazungu, lakini wazungu walisoma kilimani, Howard College, na wenzao weusi walisoma mjini. Mhadhara uleule, mwalimu yuleyule, vyumba viwili. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1959, iliyowafungia vijana weusi milango ya vyuo vikuu vya wazungu isipokuwa kwa kibali cha waziri. Wahindi wakafunguliwa chuo chao mwaka 1961 katika kisiwa cha Salisbury, ndani ya bandari ya Durban, kwenye majengo ya zamani ya jeshi la wanamaji. Wanafunzi walivuka maji kwenda kusoma, kana kwamba nchi kavu haikuwatosha wote.

Waliotambua mapema kwamba ukarimu wa kutoka juu si jumuiya walikuwa wanafunzi wenyewe. Mwaka 1966 kijana aitwaye Steve Biko alijiunga na sehemu ya watu weusi ya Chuo Kikuu cha Natal, mjini Durban, kusomea udaktari. Mwaka uliofuata alihudhuria mkutano wa umoja wa wanafunzi wa taifa katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Umoja ule uliongozwa na wazungu waliopinga ubaguzi wa rangi. Hata hivyo, wajumbe weusi hawakuruhusiwa kulala pamoja na wenzao. Walipelekwa kulala katika kanisa la mtaa wa Waafrika. Mchana walikaribishwa kuzungumza, usiku wakatengwa. Mwaka 1969 Biko akawa rais wa kwanza wa chama kipya cha wanafunzi weusi, SASO, na makala alizoandika katika jarida la chama hicho zilisomwa nchi nzima. Mwaka 1977 alikufa mikononi mwa polisi. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Sikiliza vizuri somo lililomo hapa. Vijana wale hawakukataa urafiki. Walikataa kuwa wageni wa kudumu katika nyumba ambayo wengine ndio wanaoamua nani alale wapi. Darasa pia ni nyumba. Haitoshi mwanafunzi kukaribishwa. Inapasa awe na sehemu yake katika kuamua nyumba itaendeshwaje.

Sasa tuje katika siku zetu. Tarehe 1 Januari 2004, Chuo Kikuu cha Natal na kile cha Durban-Westville, kilichotokana na chuo cha kisiwani, viliunganishwa na kuwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Miaka miwili kabla yake, vyuo viwili vya ufundi vya mji huo vilikuwa vimeunganishwa, na hicho ndicho kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Kuta zilizowatenga wanafunzi kwa sheria ziliondolewa. Lakini kuunganisha majengo na kuunganisha watu ni kazi mbili tofauti, na ya pili haimalizwi kwa tangazo la serikali.

Tuingie basi katika chumba kimoja, darasa la mwaka wa kwanza la uandishi wa kitaaluma. Yuko binti aliyetoka Umlazi, aliyeamka alfajiri kupanda basi dogo, lile ambalo wenyewe huliita teksi. Yuko kijana wa Phoenix, mwenye asili ya India, na karibu naye ameketi kijana wa Inanda. Phoenix na Inanda ni majirani. Lakini Julai 2021, ghasia zilipozuka KwaZulu-Natal na Gauteng na kuua zaidi ya watu 350, watu 36 waliuawa Phoenix, wengi wao Waafrika. Kuna mzungu wa vitongoji vya kaskazini. Na pengine, nyuma kabisa, kuna kijana aliyezaliwa Bukavu au Uvira, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya nne, na ambaye anakumbuka Aprili 2015, wageni wa Afrika walipofukuzwa katika mitaa ya mji huu na maelfu wakakimbilia kambini.

Wasikilizaji wa Kiswahili wana haki ya kujua kwamba Durban si ugenini kabisa. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza waliwashusha hapo mamia ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini mji uliwaita Wazanzibari, na jina likabaki. Waliishi Bluff, karibu na bahari, hadi miaka ya 1960 walipohamishwa kwa nguvu kupelekwa Chatsworth. Serikali, isijue iwaweke katika kabila gani, iliwaandikisha kuwa aina nyingine ya Waasia. Mtu anaweza kupotezwa na karatasi iliyoandikwa na mwingine. Ndiyo sababu ni muhimu mtu ajue kuandika habari zake mwenyewe.

Hivyo basi, mwalimu afanye nini katika chumba kama hicho? Nitataja mambo manne, nayo si ya nadharia; ni kazi ya mikono ya kila juma.

La kwanza ni kuonana. Salamu ya Kizulu, sawubona, imejengwa juu ya kitenzi bona, ambacho ni kuona kwetu sisi. Mwalimu mzuri hutumia dakika za mwanzo za muhula kujifunza majina, na kuyatamka sawasawa, pamoja na ile sauti ya kubofya ulimi inayowashinda wageni. Kisha huwapa wanafunzi kazi fupi isiyo na alama: andika ukurasa mmoja, kwa lugha yoyote unayoimudu, kuhusu jinsi ulivyojifunza kusoma. Mwalimu huandika wa kwake pia na kuwasomea. Kwa siku hiyo moja hakuna anayepima na anayepimwa.

La pili ni kujibu. Mimi mwenyewe nakumbuka insha niliyorudishiwa nikiwa kijana. Niliandika juu ya kifo cha nyanya yangu. Karatasi ilirudi imejaa wino mwekundu: hapa nukta, pale herufi kubwa, alama kumi na moja kwa ishirini. Makosa yalikuwepo kweli, na mwalimu aliyaona yote. Ila hakuna mahali alipoonyesha kwamba ameona kuwa nyanya yangu amefariki. Tangu siku hiyo, kwa miaka kadhaa, niliandika sentensi fupi zisizo na makosa na zisizo na kitu ndani. Mwalimu anayesoma insha kama barua huanza kwa kusema alichokisikia: umeniambia hivi, hapa nimekufuata, hapa nimepotea, hapa nataka zaidi. Sarufi huja baadaye, katika rasimu ya pili au ya tatu, wakati mwandishi amekwisha jua kwamba anachokisahihisha kina thamani ya kusahihishwa.

La tatu ni kusomana. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kuandika barua mia mbili kila juma. Hapa ndipo jumuiya inapoubeba mzigo ambao mfadhili mmoja hakuuweza. Wanafunzi hugawanywa katika makundi ya wanne au watano, wasiochagua wenyewe, maana wakichagua watarudi katika mistari ileile ya zamani. Kila mmoja husoma rasimu yake kwa sauti. Wenzake hawaruhusiwi kuanza na kosa. Huanza kwa kusimulia walichokielewa. Mwandishi hunyamaza na kusikiliza, kisha huuliza. Makundi hukaa pamoja muhula mzima, ili kijana wa Phoenix ajue jinsi kijana wa Inanda anavyofikiri, na si jinsi anavyoonekana tu. Kanuni zenyewe huandikwa na kundi, si na mwalimu. Nao wana haki ya kuzibadili.

La nne ni lugha. Katika sensa ya mwaka 2022, asilimia 24.4 ya watu wa Afrika Kusini walisema kwamba Kizulu ndiyo lugha yao ya nyumbani. Waliotaja Kiingereza walikuwa asilimia 8.7. Hata hivyo elimu ya juu, kwa sehemu kubwa, hutolewa kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilipitisha sera ya lugha mwaka 2006, na kuanzia mwaka 2014 kikawataka wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wasiojua Kizulu wajifunze. Wako waliolalamika. Lakini fikiria maana yake darasani: kwa mara ya kwanza yule binti wa Umlazi ndiye anayejua, na mwenzake ndiye anayebabaika. Katika darasa la uandishi jambo hili lina matumizi ya kila siku. Wanafunzi huruhusiwa kujadili na kupanga hoja kwa lugha zao, kisha wakaandika kwa Kiingereza. Fikra ikikomaa kwanza katika lugha iliyoizaa, huvuka vizuri zaidi kwenda katika lugha ya kigeni. Na kijana wa Bukavu akigundua kwamba mtu wake ni umuntu wao, na watu wake ni abantu wao, ameacha kuwa mgeni kwa kiasi fulani. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapa sina budi kutoa onyo. Wako walimu wenye nia njema wanaodhani kwamba darasa la kujaliana ni darasa la kutoa siri. Humwambia mwanafunzi: andika juu ya jeraha lako kubwa. Kijana aliyepoteza ndugu Julai 2021, au katika mafuriko ya Aprili 2022 yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo hili, hajiungi na chuo ili auze msiba wake kwa alama. Mwachieni mlango wazi, lakini msimsukume. Kumjali mtu ni pamoja na kumwachia haki ya kunyamaza. Na akiandika jambo zito, mwalimu ajue wa kumpeleka: mshauri wa wanafunzi au daktari. Asijifanye yeye ndiye tabibu. Huko ndiko Lily Moya alikokosa msaada: aliye mbali naye alikuwa na moyo, lakini karibu naye hapakuwa na mtu.

Najua kuna msikilizaji anayesema: hii ni kulegeza kamba. Chuo ni mahali pa viwango, na nje ya lango hakuna mwajiri atakayesoma barua ya maombi ya kazi kwa huruma. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ni dharau kumpitisha mwanafunzi maskini kwa kazi mbovu kwa sababu tu ni maskini. Huko ni kumwambia kwamba hatutarajii kitu kutoka kwake. Lakini angalia darasa nililolieleza. Mwanafunzi ameandika rasimu tatu badala ya moja. Amesomwa na watu watano badala ya mmoja. Amelazimika kutetea hoja yake mbele ya wenzake uso kwa uso. Ni wapi kamba ilipolegezwa? Na siku hizi, ambapo kompyuta inaweza kuandika insha safi kwa nukta chache, ni darasa lipi ambalo mwanafunzi atashawishika zaidi kulidanganya? Lile ambalo hakuna anayemsoma, au lile ambalo wenzake wanne wanangoja kusikia amefikia wapi?

Kizuizi cha kweli ni kingine. Kazi hii inahitaji makundi madogo, wakufunzi wasaidizi wanaolipwa, na vituo vya uandishi ambako mwanafunzi anaweza kuketi na msomaji kwa saa moja. Aghalabu walimu wa madarasa haya ni wa mikataba mifupi, na hawajui kama muhula ujao watakuwepo. Mwanafunzi aliyechelewa kupata fedha za mkopo huja darasani na njaa. Vijana walioandamana mwaka 2015 na 2016 kudai ada zipunguzwe walikuwa wakisema jambo hilo hilo. Chuo kisichowajali walimu wake na matumbo ya wanafunzi wake hakiwezi kumwagiza mwalimu mmoja alete jumuiya kwa tabasamu lake. Tutarudi palepale pa mfadhili mmoja na fadhila yake.

Wapenzi wasikilizaji wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Goma, msidhani kwamba haya ni ya Durban tu. Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari anaambiwa afikiri kwa Kiingereza. Akifika chuo kikuu anakutana na kozi ya stadi za mawasiliano katika ukumbi wenye mamia ya watu, na huenda akahitimu bila hata mtu mmoja kumwambia: nimekusoma, na nimekuelewa. Sisi hatukutengwa kwa rangi katika vyumba viwili. Lakini je, hatujawatenga waliosoma shule za gharama na waliosoma shule za kata, wote wakiwa ndani ya chumba kimoja?

Wewe uliye mwalimu, huhitaji kungoja sera. Katika rundo la karatasi lililo mezani kwako usiku huu, chukua moja. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, isome hadi mwisho kama unavyosoma barua kutoka nyumbani. Kisha chini yake andika sentensi moja inayoonyesha kwamba umeisikia. Kesho waombe wanafunzi wako wafanyiane hivyo hivyo.

Na wewe uliye mwanafunzi, ukipewa karatasi ya mwenzako uisome, kumbuka kwamba mkononi umeshika incwadi. Ni barua hiyo, na mwenyewe anangoja majibu.